Flashi inawaka kwa jirani, kwangu inagoma

Swali: Shikamoo fundi. Nina steshenari Moshi, karibu na Chuo Kikuu cha Ushirika. Nimenunua kompyuta mpakato ndogo ya mtumba, ASUS EeeBook X205TA, RAM GB 2, hifadhi GB 32, ya kupokelea na kuprinti kazi za wanafunzi. Windows 10 iliyomo wenyewe wameshaacha kuihudumia tangu Oktoba 2025, nikataka kuweka Xubuntu 24.04, aina ya Linux. Flashi haikuonekana kabisa, wakati kwenye mashine ya jirani inawaka vizuri. Kijana mmoja akatia faili alilopakua mtandaoni, flashi ikaonekana, ila ukichagua kuanza, skrini inakuwa nyeusi. Akabonyezabonyeza, akafanikiwa kusakinisha hadi mwisho. Tukichomoa flashi na kuwasha, mashine inaingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio, moja kwa moja. Sasa anashauri tuipige Windows 11, pamoja na Dell OptiPlex 780 ya mezani niliyo nayo. Mashine ni mbovu au tunakosea sisi?

Jibu: Marahaba dada. Mashine ni nzima. Ulichonacho ni matatizo matatu yaliyofuatana. La kwanza linatokea kabla flashi haijasomwa, la pili linatokea kerneli (kiini cha mfumo) ikishaanza, na la tatu linatokea baada ya kusakinisha. Yote mteja wa kawaida atayaita "haiwaki", lakini dawa ya moja haigusi jingine, na ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha flashi na kuchezea BIOS kutwa nzima asisogee hata hatua. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, tazama imekwama wapi.

Niliondoe kwanza hilo la Windows 11 kwenye hiyo EeeBook, maana litakupotezea bando bure. Windows 11 ipo ya biti 64 tu, na Windows haiwashwi na UEFI (programu ya kwenye ubao inayowasha mashine, mrithi wa BIOS) ambayo biti zake ni tofauti na zake yenyewe. UEFI ya X205TA ni ya biti 32. Rufus, programu ya kuandikia flashi, inaweza kuruka ukaguzi wa TPM (chipu ya usalama), wa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) na wa RAM, lakini haiwezi kugeuza programu iliyomo kwenye chipu ya ubao. Na mashine hiyo haina ile njia ya zamani ya BIOS ya kukimbilia. Hapo hakuna ujanja.

Hilohilo la biti ndilo lililoificha flashi yako. Prosesa ya mashine hiyo ni Intel Atom Z3735F ya mwaka 2014, na ni ya biti 64 kamili. Lakini mashine iliuzwa na Windows 8.1 ya biti 32, kwa kuwa RAM ni GB 2 na hifadhi ni ndogo, na ili Windows hiyo iwake, UEFI nayo ikawekwa ya biti 32. Mashine nyingi ndogo za kizazi hicho zenye Atom za jina la Bay Trail ziko hivyo, zikiwemo tableti zenye kibodi ya kuchomoa kama ASUS T100TA. Ukiikuta nyingine sokoni, hesabu hivyo mpaka uhakikishe.

UEFI ikikuta flashi haisomi kila kilichomo. Inaingia folda la EFI, kisha BOOT, na inatafuta jina moja tu la faili. Ya biti 64 inatafuta BOOTX64.EFI. Ya biti 32 inatafuta BOOTIA32.EFI. Flashi ya Xubuntu 24.04 ina bootx64.efi na wenzake, haina bootia32.efi. UEFI yako haikutoa kosa lolote, haikuandika chochote. Ilipita kimya kana kwamba tundu la USB ni tupu. Mashine ya jirani ina UEFI ya biti 64, ikalikuta faili lake na kuwaka. Hiyo haina maana kwamba flashi yako ni nzima kwa kila mashine.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja. Kama Windows ya zamani bado ipo, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32. Mstari wa BIOS Mode ukisema UEFI na wa System Type ukisema X86-based PC, basi UEFI ni ya biti 32. Kama upo ndani ya Linux yoyote iliyowaka, andika:

cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size

Itajibu 32 au 64. Ikisema faili halipo, umewasha kwa njia ya BIOS ya zamani, si UEFI.

Kuna kipimo kingine kizuri kwa mwenye kazi ya kuhudumia mashine za watu: flashi yenye Ventoy, programu ya kuwashia mifumo mbalimbali kutoka flashi moja. Ventoy inabeba vipakiaji (programu za kuanzisha mfumo) vya biti 32 na vya biti 64 kwa pamoja. Menyu ya Ventoy ikifunguka kwenye mashine iliyogoma, umeshajua kwamba tundu la USB, flashi na mpangilio wa BIOS havina kosa. Ukichagua ISO (faili la picha ya mfumo wa kusakinisha) humo na Ventoy ikalalamika kwamba picha hiyo haina faili la kuwashia kwa IA32 UEFI, yaani ya biti 32, tatizo ni ISO yenyewe. Ventoy haitoi dawa hapo, maana haiwezi kubuni faili ambalo ISO haina, ila inamaliza ubishi.

Faili aliloweka kijana wako bila shaka ni bootia32.efi. Mbinu hiyo inafahamika na inafungua mlango. Mimi siipendi kwa sababu mbili. Faili hilo linaendeshwa kabla ya kitu kingine chochote kwenye mashine, na lilipakuliwa kwa mtu asiyejulikana. Kwenye kompyuta itakayopokea vyeti na namba za NIDA za wateja, hilo si jambo dogo. Sababu ya pili ndiyo iliyokufikisha BIOS: kisakinishaji cha Xubuntu hakijui kwamba uliingia kwa mlango wa biti 32. Kikimaliza kinaandika kipakiaji cha biti 64 kwenye hifadhi, na UEFI ile haitakisoma kamwe. Kwa maneno mengine, umesakinisha vizuri mfumo ambao mashine haina namna ya kuuita.

Ushauri wangu ni kubadilisha mfumo badala ya kuutia viraka. Chukua Debian, aina nyingine ya Linux, ya amd64 (biti 64), toleo la 12 au 13, ISO ndogo ya netinst. Usichukue ya i386 (biti 32) kwa kudhani kwamba UEFI ya biti 32 inataka mfumo wa biti 32. Kerneli ya Linux ya biti 64 imeweza kuwashwa na UEFI ya biti 32 tangu toleo la 3.15 la mwaka 2014, mradi imejengwa na uwezo huo, na ya Debian imejengwa nao. Debian 13, ya Agosti 2025, hata haitoi tena kisakinishaji cha i386. Kabla ya kuandika flashi, fungua ISO ndani ya Windows kwa kubofya kulia na kuchagua Mount, ingia EFI kisha boot, na ulione kwa macho jina bootia32.efi likiwa sambamba na bootx64.efi. Lisipokuwepo, umepakua kitu kingine.

Pima na uzima wa ISO. Upakuaji wa usiku kwa bando la simu hukatika na kuendelea, na faili linaweza kuwa na ukubwa sahihi lakini limeharibika katikati. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, nafasi, jina la faili, nafasi, SHA256, na ulinganishe tarakimu na zile za faili la SHA256SUMS kwenye tovuti ya Debian. Tarakimu moja ikitofautiana, pakua upya. Usiseme "itafika tu".

Flashi yenyewe GB 4 inatosha. Jihadhari na flashi feki, zile za bei ya kutupa zinazodai GB 64 au 128 kumbe ndani kuna GB 8. Zinaandika bila malalamiko, ila kinachozidi uwezo wake kinapotea au kinafuta cha mwanzo. Dalili yake kwenye usakinishaji ni mashine kuanza vizuri, kisha kukwama ikisema haioni chombo chenye mfumo, au kukutupa kwenye mstari wa (initramfs). H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux itakuambia ukweli wa flashi, ingawa inachukua muda. Kwenye Rufus chagua ISO, acha mfumo wa mafaili uwe FAT32, andika. Ikikuuliza kati ya ISO na DD, anza na ISO. Ikigoma rudia kwa DD.

Sasa kwenye mashine. Zima kabisa Windows kwanza, kwa sababu ukibofya Shut down ya kawaida inalala nusu na funguo za kuingia BIOS zinaweza zisiitikie. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike shutdown /r /fw /t 0. Mashine itajizima na kuingia BIOS yenyewe. Kwa kuwa yako tayari inaingia BIOS bila kuombwa, umeokoka hatua hiyo. Kwa kawaida ni F2 unapowasha. Zima Secure Boot kwenye ukurasa wa Security, zima Fast Boot kwenye ukurasa wa Boot, hifadhi kwa F10. Chomeka flashi moja kwa moja kwenye tundu la mashine, bila kigawanyaji cha USB. Washa huku unabonyeza Esc, uchague flashi kwenye orodha.

Tuje kwenye skrini nyeusi, maana inaweza kukurudia hata kwenye Debian. Watu wengi wakiona giza wanazima mashine kwa kitufe na kuanza upya, na hapo wanapoteza ushahidi. Giza ni la aina tatu na zinatofautishwa kwa vitu viwili ambavyo unavyo dukani: tochi ya simu na kibodi ya nje.

Acha mashine dakika mbili ikiwa giza. Punguza mwanga wa chumba, mulika tochi ya simu kwenye skrini kwa ubavu, karibu kabisa na kioo. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo na kilichozimika ni taa ya nyuma ya skrini. Kwenye Bay Trail taa hiyo inaongozwa na kipande kidogo cha kerneli kinachoitwa pwm-lpss. Dereva wa picha, i915, akianza kabla ya kipande hicho kupakiwa, haoni cha kuongoza na skrini inabaki giza. Dawa yake inafanyika baada ya kusakinisha, nitaitaja mbele.

Kama tochi haionyeshi kitu, chomeka kibodi ya USB kwenye tundu la pili na ubonyeze Num Lock mara kadhaa. Taa ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, kerneli iko hai na ni picha tu iliyopotea. Hapo anza upya, na menyu ya GRUB (kipakiaji cha Linux) ikifunguka usibonyeze Enter. Weka alama kwenye mstari wa kusakinisha, bonyeza e, shuka hadi mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, futa maneno quiet na splash kama yapo, andika nomodeset, kisha Ctrl na X. Neno hilo linamwambia dereva wa picha asibadilishe chochote na atumie picha ileile aliyoachiwa na UEFI. Huenda kijana wako alibahatisha hilo hilo. Liwe la kusakinishia tu. Ukiliacha daima, skrini itakuwa nzito, hutaweza kupunguza mwanga, na mashine haitalala vizuri ukiifunga.

Kama Num Lock haiitikii, mashine imeganda kweli. Kwa Bay Trail sababu inayojulikana zaidi ni prosesa kuingia usingizi mzito wa kubana umeme na kushindwa kutoka. Kerneli za zamani ziliteseka sana na jambo hili, 6.1 ya Debian 12 na 6.12 ya Debian 13 zina marekebisho, kwa hiyo usiweke dawa kabla ya ugonjwa. Ikiganda, mahali pale pale ulipoandika nomodeset andika intel_idle.max_cstate=1. Gharama yake ni betri kuisha mapema. Kwa mashine inayokaa mezani imechomekwa, haikusumbui.

Na kufuta quiet kuna faida yake hata kama hakuna giza: mistari inapita mbele ya macho, na wa mwisho kuonekana ndio unaokuambia kilichotokea. Upige picha kwa simu. Ukiona Kernel panic na maneno kwamba imeshindwa kupata root fs, kerneli ilifika lakini kifurushi cha initrd (mafaili yake ya kuanzia) hakikufika nayo, na mara nyingi hiyo ni flashi mbovu au ISO iliyokatika. Rudi kwenye tarakimu za SHA256.

Kwenye menyu ya Debian chagua Install ya maandishi, si Graphical install. Haina urembo lakini inakula RAM kidogo, na wewe una GB 2 ambazo haziongezeki, zimelehemewa kwenye ubao. X205TA haina tundu la waya wa mtandao, na netinst inapakua karibu kila kitu, kwa hiyo tumia simu: chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, na kisakinishaji kitaiona kama kadi ya mtandao. Waya uwe wa data. Zile za kuchaji tu hazipitishi kitu, na hapo mtu hulaumu Debian. Washa tethering kabla kisakinishaji hakijafika hatua ya kutafuta mtandao. Tenga GB 2 za bando zikiwemo za mazingira ya madirisha ya Xfce au LXQt. Kwa RAM yako ningechagua LXQt.

Ukifika kwenye hifadhi, soma majina polepole. Hifadhi ya ndani ni eMMC, yaani chipu ya ubaoni, na itaonekana kama mmcblk0, wakati mwingine mmcblk1, yenye takribani GB 31. Flashi ndiyo sda. Ukiona pia vipande vidogo vya MB 4 vyenye jina la boot0 na boot1, achana navyo, ni sehemu ya chipu. Chagua kutumia hifadhi nzima, kisha mafaili yote kwenye patisheni moja. Kisakinishaji kitatenga chenyewe patisheni ndogo ya EFI yenye FAT32. Windows itafutika, hivyo kama kuna picha au hati za mwenye mashine wa zamani, ndiyo mwisho wake.

Sasa lile la kurudi BIOS. Kisakinishaji cha Debian kinatambua kwamba UEFI ni ya biti 32 na kinaweka kifurushi grub-efi-ia32. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na safari yako ya Xubuntu. Lakini inabaki hatari moja. GRUB kwa kawaida inakaa folda la EFI/debian na kuiandikia UEFI kumbukumbu: "ukiwaka, nenda pale". UEFI nyingi za mashine za bei nafuu zinaisahau kumbukumbu hiyo, au zinaipuuza, na kurudi kwenye jina lile lile la EFI/BOOT/BOOTIA32.EFI. Kwa hiyo ukiulizwa kama GRUB iwekwe pia kwenye njia ya vyombo vya kuhamishika, EFI removable media path, jibu Yes.

Usipoulizwa, na mashine ikaingia BIOS baada ya kuchomoa flashi, usisakinishe upya. Rudisha flashi ya Debian, chagua Advanced options kisha Rescue mode, jibu maswali ya mwanzo, na ukiulizwa patisheni ya mizizi chagua ile kubwa ya mmcblk, mara nyingi mmcblk0p2. Kubali na /boot/efi ipachikwe. Kwenye orodha itakayofunguka mna chaguo la kulazimisha GRUB kwenye njia hiyo hiyo. Ukipenda kuona kinachofanyika, fungua shell ndani ya patisheni hiyo uandike:

grub-install --target=i386-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
update-grub
ls /boot/efi/EFI/BOOT

Amri ya tatu lazima ionyeshe BOOTIA32.EFI. Angalia --target kwa makini: ukiandika x86_64-efi kwa mazoea ya mashine nyingine, utaandika kipakiaji kizuri kabisa kisichosomeka hapo.

Mafundi wengi wanaishia hapo, na miezi kadhaa baadaye mashine inarudi. Sababu ni kwamba --removable imeandika nakala mara moja tu. Siku Debian ikiboresha GRUB, vipande vyake kwenye /boot/grub vitakuwa vipya na nakala ya EFI/BOOT itabaki ya zamani. Wakikutana wawili hao, mashine inasimama kwenye grub rescue ikilalamika juu ya symbol isiyopatikana. Kuzuia hilo, ukishaingia kwenye mfumo wako andika sudo dpkg-reconfigure grub-efi-ia32 na ujibu Yes kwenye swali la njia ya vyombo vya kuhamishika. Baada ya hapo kila uboreshaji utaandika nakala zote mbili.

Kama tochi ilikuonyesha maandishi hafifu, sasa ndipo pa kutibu. Washa kwa nomodeset, fungua faili /etc/initramfs-tools/modules, ongeza mistari miwili chini kabisa, pwm-lpss na wa pili pwm-lpss-platform, hifadhi, kisha sudo update-initramfs -u. Washa upya bila nomodeset. Kama ulihitaji max_cstate, liandike kwenye /etc/default/grub ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, halafu sudo update-grub.

Wi-Fi ya X205TA ni Broadcom na ina tabia ya peke yake: inataka faili la mipangilio ya mashine hiyo hiyo, ambalo ASUS waliliweka ndani ya UEFI. Kerneli za sasa zinajaribu kulichukua zenyewe. Ikiwa Wi-Fi haionekani, soma sudo dmesg | grep brcmfmac. Ikitaja kukosa faili la brcmfmac43340-sdio lenye mwisho wa txt, ingia kama root (msimamizi) na uandike:

cat /sys/firmware/efi/efivars/nvram-* > /lib/firmware/brcm/brcmfmac43340-sdio.txt

Washa upya. Kwa RAM, sakinisha zram-tools; inabana sehemu ya kumbukumbu na kukupa pumzi, kivinjari kisiue mashine wakati mteja anafungua barua pepe yake.

OptiPlex 780 ni kesi tofauti kabisa. Nyingi zilikuja na Core 2 Duo, kwa mfano E8400 ya mwaka 2008. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inatumia maagizo ya prosesa ya SSE4.2 na POPCNT ambayo Core 2 haina. Kwa hiyo hata Rufus ikiruka ukaguzi wote, mashine inafika kwenye nembo na kujizima au kuanza upya bila kikomo. Hilo si kosa la flashi. Matoleo ya nyuma, kama 23H2, yaliweza kulazimishwa, lakini 23H2 ya Home na Pro iliishiwa huduma Novemba 2025, kwa hiyo utakuwa umehama nyumba moja isiyo na mlinzi kwenda nyingine. Kujua kama mashine yoyote ya mtumba ina uwezo huo kabla hujalipa, washa Linux ya flashi na uandike grep -o -m1 popcnt /proc/cpuinfo. Isipojibu kitu, haina.

Debian inakubali Core 2 bila shida. AlmaLinux 9 na ndugu zake hazikubali, zinasimama zikisema prosesa haina x86-64-v2 (kundi la maagizo mapya zaidi), hivyo usishawishiwe nazo. OptiPlex 780 haina UEFI ya kuwashia mifumo hii. Inawaka kwa BIOS ya zamani, kwa hiyo kwenye Rufus chagua MBR na BIOS, la sivyo utarudi kwenye flashi isiyoonekana kwa sababu iliyo kinyume na ile ya EeeBook. Menyu ya kuwashia ni F12. Tazama na saa yake: mashine za umri huo betri ya CR2032 huwa imekufa, tarehe inarudi nyuma kila TANESCO wakikata, na apt (kipakuzi cha programu cha Debian) inakataa kupakua ikidai vyeti au orodha za vifurushi bado hazijaanza kutumika. Badilisha betri hiyo, weka tarehe sahihi BIOS, ndipo uanze kusakinisha. Na kwa kuwa haina betri ya kushikilia, ichomeke kwenye UPS angalau wakati wa kusakinisha.